Betri ya kifaa tiba haikai na chaji: tafuta kinachoiua kabla ya kununua nyingine

Umeme ukikatika wodini na monita ya mgonjwa ikazima papo hapo, neno la kwanza kusikika ni "betri imekufa". Mara nyingi ni kweli. Ila betri mpya ikiwekwa kesho, nayo haitafika mbali ikiwa kilichoiua ya kwanza bado kipo pale pale: chaja mbovu, joto la chumba, au swichi ya ukutani ambayo mtu huizima kila jioni akidhani anaokoa umeme. Ndiyo maana hapa tunaanza na dalili, tunafuata chanzo, na habari za kununua zinakuja baadaye, hata kama mganga mfawidhi anataka orodha ya manunuzi leo hii.

Haya yanamhusu fundi wa vifaa tiba wa hospitali ya wilaya, na pia muuguzi wa zahanati ambaye fundi wake huja siku gari likipatikana. Vifaa vya kufanyia kazi si vingi: multimita ya kawaida, balbu ya breki ya gari ya volti 12 na wati 21 iliyoungwa nyaya mbili, saa, na kalamu ya wino usiofutika. Sharti ni moja: usipime betri ya kifaa kilicho kwa mgonjwa. Kitoe, weka kingine, ndipo uanze.

Jua kwanza umeshika betri gani

Fungua mfuniko, soma kilichoandikwa. Ikiwa ni boksi zito la volti 6 au 12 lenye alama ya Pb, hiyo ni betri ya risasi iliyofungwa, ile ambayo mafundi wengi huiita betri kavu. Hukaa ndani ya UPS (boksi linaloshikilia umeme kwa muda ule wa ukutani ukikatika), mashine za kufyonza ute, taa za upasuaji na monita za zamani. Ikiwa imeandikwa Ni-MH au Ni-Cd, hiyo ni ya nikeli, na kila seli yake ina volti 1.2. Ikiwa ni Li-ion, yaani ya lithiamu inayochajiwa, seli ina volti 3.6 au 3.7 na hujaa kwenye 4.2. Halafu kuna betri zisizochajiwa kabisa: za tochi, za kitufe, na za lithiamu zilizomo kwenye mashine nyingi za kushtua moyo.

Ukichanganya haya, kila kipimo utakachochukua hakitakuwa na maana. Volti 12.2 kwenye betri ya risasi ni kama nusu ya chaji. Kwenye pakiti ya Li-ion yenye seli tatu mfululizo ni karibu kujaa.

Dalili: imechajiwa usiku kucha, umeme ukikatika mashine inazima ndani ya dakika chache

Hili ndilo tatizo linaloleta simu nyingi, na vyanzo vyake ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Anza nje, ingia ndani taratibu.

Tazama ukutani. Soketi zetu za pini tatu zina swichi, na swichi hiyo huzimwa na anayepiga deki, na anayechaji simu, na anayetoka zamu. Mashine nyingine zina swichi ya pili nyuma, chini ya waya wa umeme, na hiyo ikiwa imezimwa chaja ya ndani haipati kitu. Taa ndogo ya kijani ya umeme wa ukutani ndiyo shahidi. Kama haiwaki, betri haikuchajiwa usiku wala mchana.

Taa ikiwaka, pima volti kwenye terminali za betri, yaani vichwa vinavyoungwa nyaya, huku mashine ikiwa imechomekwa. Betri ya risasi ya volti 12 iliyokwisha kujaa na kubaki kwenye chaja inatakiwa isome kati ya 13.5 na 13.8. Ukipata 12 na kitu, na baada ya saa nzima namba haijasogea, chaja haifanyi kazi, au fyuzi iliyo kati ya chaja na betri imeungua, au terminali imelegea na kuota unga mweupe. Hapo betri haina kosa lolote bado. Ukipata zaidi ya 14.8 muda wote, chaja inaipika betri, na betri yoyote mpya utakayoweka itavimba.

Chaja ikiwa nzima, itoe betri, iache ipumzike saa kadhaa, kisha pima. Iliyojaa husoma 12.7 hadi 12.9. Chini ya 11.8 ni tupu. Ukikuta 10.6 hivi ambayo haipandi hata ukichaji, seli moja kati ya sita imekufa, na hakuna dawa. Yanayouzwa kama maji ya kufufua betri hayahusiki na betri iliyofungwa.

Sasa tufike pale ambapo wengi hukosea: betri inasoma 12.8, fundi anaandika "nzima" na kuondoka. Volti za betri iliyopumzika hazisemi ina nguvu kiasi gani. Betri iliyoota chumvi ya salfeti kwenye sahani zake kwa kuachwa tupu wiki kadhaa inaweza kusoma 12.8 asubuhi na kushindwa kuendesha pampu dakika tano. Inabidi ipewe kazi. Chukua ile balbu ya breki, iunge kwenye betri iliyojaa. Inavuta takribani ampea 1.75. Betri nzima ya Ah 7 (ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inabeba) huiwasha zaidi ya saa tatu kabla ya kushuka hadi volti 10.5, na hapo unakata, usiiache iishe zaidi. Ikishindwa kufika saa mbili na nusu, imeshuka chini ya asilimia 80 ya uwezo wake. Kwa redio ya nyumbani hiyo bado ni betri. Kwa kifaa kinachomshikilia mtu hai, ibadilishe. Ikiporomoka ndani ya nusu saa, huna haja ya kuendelea kuhesabu. Baada ya jaribio ichaji siku hiyo hiyo, maana betri ya risasi ikilala tupu hujiharibu yenyewe.

Balbu hii ni ya bei ndogo na inamzidi mtu anayejaribu kwa kugusanisha waya aone cheche. Cheche hata betri mbovu inazitoa.

Dalili: zinakufa kila baada ya mwaka, ingawa ni mpya na chaja ni nzima

Joto. Umri unaotajwa na watengenezaji, kwa kawaida miaka mitatu hadi mitano kwa betri ya risasi inayokaa kwenye chaja, umehesabiwa kwenye nyuzi 20 hadi 25. Kanuni inayotumika ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri huo kwa nusu. UPS iliyowekwa chini ya dirisha la magharibi huko Tanga au Lodwar, ndani ya chumba cha bati kisicho na dari, haikai kwenye nyuzi 25 hata usiku. Sogeza UPS kwenye kivuli, acha nafasi ya kiganja pande zote ili hewa ipite, na usiifunike kitambaa eti isiingie vumbi.

Kama chaja inaweza kurekebishwa, shusha volti kidogo kwenye vyumba vya joto: karibu volti 0.18 kwa kila nyuzi 10 za ziada kwa betri ya volti 12. Chumba cha nyuzi 35 kinataka 13.4 hivi badala ya 13.6. Chaja nzuri hufanya hivyo zenyewe; za bei rahisi hazifanyi.

Chanzo cha pili ni stoo. Betri ya risasi hupoteza chaji ikiwa imekaa tu, na kwenye joto hupoteza haraka zaidi. Iliyonunuliwa mwaka jana "ili iwepo" na haikuguswa imekwisha kuharibika kabla ya kuvalishwa kwenye kifaa. Za akiba zichajiwe kila miezi mitatu, au bora zaidi, zisinunuliwe hadi zitakapohitajika.

Dalili: alama inaonyesha imejaa, kisha inaanguka ghafla hadi sifuri

Hii ni tabia ya pakiti za Li-ion kwenye pampu za dripu, altrasaundi za kubeba na monita mpya. Ndani ya pakiti kuna kisakiti kidogo kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka. Kifaa kikiishi kwenye soketi miezi mingi bila kutumia betri, hesabu inapotea: seli zimechakaa lakini kisakiti bado kinakumbuka uwezo wa zamani. Kichaji hadi kijae, kichomoe, kiache kifanye kazi bila mgonjwa hadi kizime chenyewe, kisha kijaze tena bila kukatiza. Mara nyingi alama hurudi kusema kweli. Ukweli huo unaweza kuwa mchungu, kwa mfano kwamba pampu iliyokuwa ikikaa saa sita sasa inakaa saa moja na robo, lakini heri kuujua wodini kuliko ndani ya gari la wagonjwa barabarani.

Usifanye hivi kila wiki. Lithiamu haipendi kumalizwa kabisa, na kila mara unayoimaliza unakula sehemu ya umri wake. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha, au kadiri kitabu cha kifaa kinavyosema. Pakiti isiyotumika ihifadhiwe ikiwa na chaji ya karibu nusu, mahali pa baridi, isiwe tupu wala kujaa.

Ni-MH ina tabia nyingine. Zile za kawaida hupoteza hata robo ya chaji ndani ya mwezi zikiwa zimekaa tu, kwa hiyo kifaa kilichokaa kabatini tangu mwezi uliopita kikikataa kuwaka si lazima kiwe kibovu. Ichaji na kuimaliza mara mbili tatu uone kama inarudi.

Dalili: chaja inakataa, taa nyekundu inamweka

Gusa pakiti. Ikiwa ya moto, iache ipoe. Chaja nyingi za lithiamu hukataa kazi seli zikipita nyuzi 45 hivi, na mchana wa Februari ndani ya kontena la kliniki tembezi joto hilo linafikiwa bila taabu. Ikipoa na kukubali, hapakuwa na ubovu.

Kama imepoa na bado inakataa, safisha vituo vya shaba kwa pamba yenye spiriti na ujaribu tena. Pakiti iliyoachwa tupu miezi mingi hujifunga yenyewe kwa usalama. Mtaani wapo wanaoweza kuiamsha kwa kuigusisha umeme wa chaja nyingine moja kwa moja. Kwenye tochi fanya utakavyo. Kwenye kifaa tiba, usifanye. Seli ya lithiamu iliyoshuka mno inaweza kuota nyuzi za shaba ndani, ikachajiwa vizuri leo na kuwaka moto wiki ijayo karibu na mtungi wa oksijeni.

Kifaa kikisema hakiitambui betri, kwa kawaida umeweka ya kuiga isiyo na kitambulisho ambacho mtengenezaji amekiweka. Inaudhi, na bei ya betri halisi inaudhi zaidi. Hata hivyo kubandua pakiti na kuunga seli mpya za lithiamu za aina ya 18650 kwa risasi ya kuchomelea ni kazi nisiyomshauri mtu kwenye pampu ya dripu wala mashine ya kushtua moyo. Na ukiona seli ya 18650 imeandikwa mAh 9900, jua unadanganywa. Zilizo bora kabisa hazipiti mAh 4000 hivi.

Dalili: betri imevimba

Iwe ya risasi au ya lithiamu, jibu ni moja: haitumiki tena. Ya risasi imevimba kwa chaja inayozidisha au kwa joto, kwa hiyo rudi kwenye kipimo cha chaja hapo juu kabla ya kuweka nyingine. Ya lithiamu itoe nje ya jengo, iweke kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, mbali na watu. Usiitoboe ili "kutoa hewa". Ikiwa imekwama ndani ya kifaa, usiichokonoe kwa bisibisi. Toa nje kifaa kizima.

Dalili: mashine ya presha inadai betri mpya kila siku

Soma alama iliyo kwenye betri. LR6 ni alkalini. R6 peke yake ni ile ya kaboni, ya bei ya chini, inayofaa saa ya ukutani na rimoti. Pampu ya mashine ya presha inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na betri ya R6 hushuka volti papo hapo ikiwa bado imejaa, ndipo kioo kinadai betri imeisha. Weka LR6 zote nne kwa pamoja, za aina moja, zilizonunuliwa siku moja. Ukichanganya mpya na kuukuu, ile kuukuu itageuka mzigo kwa wenzake na kuvuja.

Iliyovuja alkalini husafishwa kwa pamba yenye siki au maji ya limau kidogo, kisha spiriti, kisha kukausha. Tindikali ya betri ya risasi ni kinyume chake: hiyo inataka baking soda iliyoyeyushwa kwenye maji. Kifaa kinachokaa kabatini zaidi ya mwezi kitolewe betri zake.

Glukomita na vipimajoto vingi hutumia betri ya kitufe; kwa glukomita mara nyingi ni CR2032. Namba hiyo ni vipimo vyake: kipenyo milimita 20, unene milimita 3.2. CR2025 ina volti zile zile lakini ni nyembamba, hivyo hulegea na kifaa huwaka na kuzima. Zitunzeni mbali na watoto wanaongoja na mama zao kwenye benchi. Ikimezwa na kukwama, huanza kuunguza umio ndani ya saa mbili, na mtoto huyo ni wa kukimbizwa hospitali, si wa kusubiri aitoe mwenyewe.

Dalili: mashine ya kushtua moyo inalia "pi" kila baada ya muda

Inaomba huduma. Msiifunge kabatini ili isisumbue. Angalia tarehe ya betri na tarehe ya vibandiko vya kifuani, kwa sababu vyote viwili huisha muda. Ikiwa betri yake ni ya lithiamu isiyochajiwa, usijaribu kuichaji kwa namna yoyote. Na kuitoa ili "ipumzike" hakuongezi umri wake. Mashine isiyo na betri haiwezi kujipima, na siku itakapotakiwa hakuna atakayekumbuka betri ilipowekwa.

Dalili: mashine ya oksijeni inazima pamoja na UPS

Hapa hakuna ubovu, kuna hesabu. Mashine ya kuzalisha oksijeni ya lita 5 huvuta wati 350 hivi. UPS ya mezani yenye betri moja ya volti 12 na Ah 7 ina wati-saa 84 kwenye karatasi, na ikitolewa kwa kasi hiyo haitoi hata hizo. Utapata dakika chache, kama UPS yenyewe ina uwezo wa kuubeba mzigo huo. Betri ya Ah 200 ina wati-saa 2,400. Ukitumia nusu tu ili idumu, na ukiondoa kinachopotea kwenye inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, utakaa karibu saa tatu. Ndiyo maana mtungi wa oksijeni uliojaa kando ya kitanda bado ni akiba bora kuliko betri.

Betri ya gari, N70 na wenzake, haifai hapa ingawa inapatikana kila mji. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiimaliza kila usiku, haitadumu. Tafuta betri ya sola, ya kutolewa kwa kina. Kwa friji za chanjo, kama mna nafasi ya kuchagua, chukueni zile za sola zisizo na betri ya kuhifadhi umeme, ambazo huhifadhi ubaridi kwenye barafu. Mtakuwa mmeondoa kifaa kinachoharibika mara nyingi kuliko vyote.

Ukilazimika kununua

Volti zilingane kabisa. Ah ziwe sawa, au zaidi kidogo ikiwa boksi linaingia. Aina isibadilishwe: lithiamu haiwekwi mahali pa betri ya risasi kwa sababu tu zote zimeandikwa 12, kwa kuwa chaja ya ndani ilitengenezwa kwa ajili ya ile ya kwanza.

Ukienda Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, nenda na mita yako. Betri ya risasi mpya isome 12.6 au zaidi. Chini ya 12.4 imekaa sana dukani, iache. Ipime uzito pia, kwa sababu risasi ni nzito na haiigiziki: Ah 7 halali ina kilo mbili au zaidi, na nyepesi kuliko hapo ina risasi pungufu. Soma tarehe ya kutengenezwa, na kwa pakiti za lithiamu omba zinazotimiza kiwango cha kimataifa cha usalama cha IEC 62133. Ukishaivalisha, andika tarehe kwa kalamu juu ya betri yenyewe, si kwenye daftari pekee, maana daftari huhama na fundi.

Kila mwezi, chomoa kifaa ukutani robo saa kikiwa hakina mgonjwa, uone kitakavyofanya.

Zilizokufa zisichomwe kwenye shimo la taka za hospitali, wala asipewe mnunuzi wa chuma chakavu anayepita na mkokoteni. Owino Uhuru, Mombasa, watu walidhurika kwa risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofungwa mwaka 2014, na Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi hapo, ndiye aliyeongoza madai yao. Ziba terminali kwa selotepu, zipange wima kwenye kreti la plastiki chini ya paa, za risasi peke yake na za lithiamu peke yake, na uulize taasisi ya serikali ya mazingira, NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya, nani ana kibali cha kuzichukua katika eneo lenu.